Daftari la Mzazi: Historia ya Kumbukumbu za Lugha ya Mtoto na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Uchunguzi wa lugha ya mtoto ulianzia nyumbani, katika madaftari ya wazazi, kabla haujaingia katika maabara na vyuo vikuu. Makala hii inafuatilia historia ya madaftari hayo kuanzia Ufaransa ya karne ya 17, kisha inayalinganisha na maandishi ya Kiswahili ya kipindi hicho hicho, ambayo yalimwona mtoto lakini hayakuyaandika maneno yake. Hoja inayotolewa ni kwamba vipimo vya makuzi ya lugha vinavyotumika leo vilizaliwa na madaftari ya lugha chache za Ulaya, na kwamba dhana ya "neno" iliyomo ndani ya vipimo hivyo haimtendei haki mtoto anayekulia katika Kiswahili.

Mwana wa mfalme na mwana wa profesa

Mwaka 1601, alipozaliwa mrithi wa ufalme wa Ufaransa aliyekuja kuitwa Louis XIII, daktari Jean Héroard alikabidhiwa afya yake. Daktari huyo alianzisha shajara aliyoiendeleza hadi kifo chake mwaka 1628. Aliandika chakula, usingizi, homa na choo cha mtoto, kama ilivyomlazimu. Jambo ambalo hakuagizwa kulifanya ni kuandika maneno ya mtoto kwa namna yalivyosikika, pamoja na makosa yake ya matamshi, bila kuyasahihisha ili yafanane na Kifaransa cha wakubwa. Kwa sababu ya uamuzi huo, wanaisimu wa karne ya 20 waliirudia shajara yake kama ushahidi wa Kifaransa cha kusemwa cha zama zile. Héroard hakuwa na nadharia yoyote ya lugha. Alikuwa na mtoto mmoja wa kumwangalia, kalamu, na sababu ya kuwapo kila siku.

Daftari linalohesabiwa kuwa mwanzo wa taaluma yenyewe ni la Dietrich Tiedemann, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliyechapisha mwaka 1787 uchunguzi wake kuhusu makuzi ya akili ya mwanawe, Friedrich, aliyezaliwa mwaka 1781. Maelezo yake ni mafupi na yana mapengo. Hata hivyo, yaliweka umbo ambalo wengine walilifuata kwa zaidi ya karne moja: baba msomi, mtoto wake mwenyewe, tarehe, na tukio lililoonwa siku hiyo.

Friedrich huyo ana nafasi nyingine katika historia, nayo inawahusu Waafrika moja kwa moja. Alipokua akawa mwanaanatomia, na mwaka 1836 Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha utafiti wake uliolinganisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu. Alihitimisha kwamba hakuna tofauti ya msingi inayoweza kuhalalisha dai la kwamba Mwafrika ana akili pungufu. Aliliandika hilo wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walidai kinyume chake. Inafaa kukumbukwa kwamba taaluma ya kupima makuzi ya mtoto na taaluma ya kupima mafuvu ya watu zilikua katika vyuo vile vile, na mara nyingine katika nyumba ile ile.

Miaka ya 1870 ndiyo iliyoyapa madaftari hadhi ya kisayansi. Hippolyte Taine alichapisha mwaka 1876 maelezo kuhusu lugha ya bintiye. Yalipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka uliofuata, Charles Darwin aliyasoma, akayafungua madaftari yake aliyoanza kuyaandika mwanawe William alipozaliwa mwishoni mwa mwaka 1839, na mwaka huo huo wa 1877 akatoa makala yake. Humo amesimulia jinsi mtoto alivyojibunia neno "mum" kwa maana ya chakula, kisha akaliunganisha na sauti nyingine kupata jina la sukari. Madaftari yenyewe yana pia mwandiko wa mkewe, Emma. Makala iliyochapishwa ina jina la mume peke yake.

Mwaka 1882 William Preyer alitoa kitabu chake kuhusu nafsi ya mtoto, kilichotokana na kumfuatilia mwanawe kwa miaka mitatu kwa ratiba kali. Ni kazi iliyowafundisha wengine nidhamu ya kutenganisha kilichosikika na kilichokisiwa. Lakini waliolifikisha daftari la lugha katika kilele chake ni Clara na William Stern. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1918 waliandika kumbukumbu za watoto wao watatu, Hilde, Günther na Eva, na mwaka 1907 wakachapisha kitabu chao kuhusu lugha ya watoto. Sehemu kubwa ya kumbukumbu iliandikwa na Clara. Yeye hakuwa na cheo chuoni, ila ndiye aliyekuwa karibu na watoto muda mwingi wa mchana, na jina lake liliwekwa juu ya jalada pamoja na la mumewe. Kwa zama zile hilo halikuwa jambo la kawaida.

Kilichoandikwa na kilichosikika pwani

Mwaka ule ule wa 1882 kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf ilichapishwa London. Wakati Preyer anahesabu maneno ya mtoto mmoja wa Kijerumani, Krapf alikuwa ameacha nyuma yake hazina ya maneno ya lugha nzima, zao la miaka yake Mombasa na Rabai. Maneno hayo yalikuwa ya watu wazima. Ndivyo ilivyopaswa kuwa kwa mtu aliyetafuta lugha ya kuhubiria na kutafsiria: hakuhitaji kujua mtoto wa Mvita huanza na lipi kati ya "anakuja" na "njoo".

Maandishi ya Waswahili wenyewe yalimkaribia mtoto zaidi. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 na ambacho mchango mkubwa ndani yake ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtoto yumo tangu mimba. Msomaji anakuta kuzaliwa, kupewa jina, kulelewa, kupelekwa chuoni na michezo. Ni ushahidi wa mtu wa ndani na thamani yake haipungui. Hata hivyo swali aliloulizwa Mtoro lilikuwa la desturi, naye akajibu la desturi: watu humfanyia nini mtoto. Mtoto naye husema nini, halikuwa swali la siku zile.

Kumbukumbu za Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja akiwa Sayyida Salme, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaonyesha jambo jingine. Anaeleza kwamba mbele ya baba yake, Sayyid Said, Kiarabu ndicho kilichoruhusiwa katika jumba la Mtoni. Alipogeuka tu, zilisikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyingine kadhaa. Mama yake mwenyewe alitoka Circassia. Watoto wa jumba hilo walikulia katika lugha nyingi bila mtu yeyote kuzigawa kwa mpango, na kila mmoja alijua ipi ya kutumia mbele ya nani.

Maelezo hayo yana uzito yakiwekwa kando ya kitabu cha Jules Ronjat cha mwaka 1913. Ronjat, Mfaransa aliyeoa Mjerumani, alimfuatilia mwanawe Louis huku akizingatia ushauri wa Maurice Grammont kwamba kila mzazi ashikilie lugha yake moja. Baada yake Werner Leopold, katika juzuu nne zilizotoka Marekani kati ya mwaka 1939 na 1949, alieleza namna bintiye Hildegard alivyokua kati ya Kijerumani na Kiingereza. Kutokana na kazi za namna hii, kanuni ya "mtu mmoja, lugha moja" ilienea katika ushauri wanaopewa wazazi hadi leo, hata katika miji ya Afrika Mashariki. Ilikuwa ni mpango wa nyumba moja ya Kifaransa. Nyumba ya Malindi ambamo bibi husema Kigiriama, mama huchanganya Kigiriama na Kiswahili, kaka wakubwa huleta Kiingereza cha shule na runinga huwa wazi siku nzima, inafanana zaidi na jumba la Mtoni kuliko na nyumba ya Ronjat. Kumwambia mama wa nyumba hiyo achague lugha moja ni kumpa dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuna jambo jingine la kihistoria lisiloweza kupitwa. William Stern alihamia Hamburg mwaka 1916, na chuo kikuu cha jiji hilo kilipoanzishwa mwaka 1919, yeye alifundisha saikolojia humo wakati Carl Meinhof, mwasisi wa uchunguzi linganishi wa lugha za Kibantu, akifundisha lugha za Kiafrika. Elimu ya lugha ya mtoto na elimu ya Kiswahili ziliishi chini ya paa moja. Mwaka 1933 utawala wa Nazi ulimfukuza Stern kwa sababu ya Uyahudi wake. Alifia uhamishoni Marekani mwaka 1938. Katika orodha ya madaftari makubwa ambayo vitabu vya taaluma hii huyataja hadi leo, mna Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, Kiswahili hakimo.

Kinasa sauti na kiwango cha kupimia

Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Roger Brown na wenzake walianza kuwarekodi watoto watatu waliopewa majina ya Adam, Eve na Sarah. Daftari likaachia nafasi kinasa sauti. Mzazi, aliyekuwa mwandishi na shahidi, akawa mmoja wa wasemaji katika utepe. Faida zake zilikuwa kubwa: utepe haukumbuki kwa upendeleo, na mtafiti mwingine anaweza kuusikiliza upya. Hasara yake ilikuwa kwamba utepe husikia saa chache tu. Eve alipohama na familia yake, kumbukumbu zake ziliishia hapo, ilhali daftari la mzazi huhama na mtoto.

Katika kitabu chake cha mwaka 1973, Brown alitumia kipimo kilichokuja kuenea kote: wastani wa idadi ya mofimu katika kila tamko. Kwa Kiingereza kipimo hicho kina mantiki yake. Mtoto huanza na mashina matupu, kisha viambishi vichache huongezeka polepole, na kila nyongeza huonekana. Kutoka katika utamaduni huo wa kuhesabu, na kutokana na uzoefu wa madaftari, zikatokea alama za makuzi ambazo mhudumu wa kliniki huzijua kwa moyo. Maarufu kuliko zote ni ile inayotaka mtoto wa miaka miwili awe anaunganisha maneno mawili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai kusikilizwa. Mtoto anapoanguka na kumwambia mama yake "nimeanguka", ametoa neno moja. Ndani yake mna kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo, mzizi na kiishio. Mwenzake wa Kiingereza akisema jambo hilo hilo atahitaji maneno mawili, na mzazi wake atajibu "ndiyo" dodoso likiuliza kama mtoto anaunganisha maneno. Mama wa Tanga atafikiri kwa uaminifu na kujibu "bado". Kwa kipimo kile, mtoto mwenye sarufi zaidi kinywani ndiye atakayeandikwa kuwa amechelewa.

Kosa linaweza kuelekea upande wa pili pia. Mtoto anaweza kuwa amelikariri "anakuja" kama donge zima, jinsi anavyokariri jina la mbwa, bila kujua kwamba lina sehemu. Akihesabiwa mofimu nne atapewa sifa asiyostahili. Njia ya kujua ni kuona kama tendo lile lile linapata sura mbalimbali kinywani mwake kwa wakati unaofaa: "anakuja" baba akiwa njiani, "amekuja" akiwa mlangoni, "hajaja" anapoulizwa na jirani. Tofauti hizo hazitokei zote katika saa moja ya kurekodi wala katika dakika kumi za kliniki. Hutokea Jumatatu asubuhi na Alhamisi usiku, na anayezisikia ni mtu wa nyumbani.

Ugumu hauishii kwenye kitenzi. Mtoto akisema "toto" akimwonyesha mtoto mwingine, huenda ameacha kiambishi cha ngeli katika "mtoto", jambo linalotarajiwa kwa kuwa shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na silabi za mwanzo husikika kwa unyonge. Lakini "toto" ni neno halali la watu wazima, la kukuza au la kutania, na pengine ndilo analoitwa na shangazi yake kila siku. Vivyo hivyo, "lete" na "lala" ni amri kamili zisizo na kiambishi awali chochote, na mtoto mdogo huelekezwa kwa amri kuliko mtu yeyote nyumbani. Anayesikia "lete" hawezi kujua kama mtoto ameamuru au ameshindwa na viambishi mpaka ajue kilichokuwa kikitendeka. Héroard na Clara Stern waliyaandika mazingira kwa sababu walikuwamo. Orodha ya kuweka alama ya vema haina nafasi ya mazingira.

Lesotho, Nairobi, Kilifi

Ushahidi wa lugha za Kibantu ulipoanza kukusanywa kwa mapana, ulitikisa baadhi ya mambo yaliyodhaniwa kuwa ya watoto wote duniani. Katherine Demuth, aliyerekodi watoto wa Lesotho vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba viambishi vya ngeli huanza kwa kudondoshwa, hupitia hatua ya kivuli ambapo irabu tu husikika, kisha hukamilika mapema. Alionyesha pia kwamba watoto wa Kisotho hutumia kauli ya kutendwa mapema kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu sarufi ya lugha yao haiwaruhusu kuuliza "nani" katika nafasi ya kiima. Huwalazimu kuuliza kitu kimetendwa na nani. Kilichodhaniwa kuwa ukomavu wa ubongo kiligeuka kuwa, kwa sehemu kubwa, suala la kile ambacho lugha humtaka mtoto akifanye.

Kwa Kiswahili, kazi ya Kamil Ud Deen, tasnifu ya mwaka 2002 na kitabu cha mwaka 2005, iliwahusu watoto wa Nairobi. Humo viambishi vya kiima na vya njeo huachwa mara nyingi hapo mwanzo, ilhali kiambishi cha mtendwa hutokea tangu mapema pale kinapohitajika. Deen alizingatia pia kwamba Kiswahili cha watu wazima wa Nairobi chenyewe huruhusu kiambishi cha kiima kudondoshwa katika baadhi ya mazingira. Mtoto hapimwi kwa Kiswahili sanifu cha kitabu cha sarufi ambacho hajawahi kukisikia. Mtafiti wa Unguja au Bujumbura hapaswi kuyachukua matokeo hayo kama yalivyo. Anapaswa kuichukua tahadhari hiyo.

Mzazi naye alirudi kama shahidi, safari hii bila kalamu. Miaka ya 1990 dodoso la orodha ya maneno lililotungwa Marekani, ambalo mzazi huweka alama kwenye maneno anayoyasema mwanawe, lilianza kuenea katika lugha nyingi. Katie Alcock na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walitengeneza matoleo ya Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi kwa wazazi ambao wengi hawakujua kusoma. Badala ya kuwapa karatasi, waliwahoji. Hatua hiyo inavunja sharti lililodumu tangu Tiedemann, kwamba shahidi wa lugha ya mtoto awe msomi. Mama wa Kilifi anayajua maneno ya mwanawe kama Darwin alivyoyajua ya William. Kilichomtenganisha na taaluma ni wino.

Watunga sera wa eneo hili wanalo jukwaa la kulipeleka jambo hili mbele. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto nchini Tanzania, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, imeweka ujifunzaji wa awali pamoja na afya na lishe. Nchini Kenya, kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina sehemu ya hatua za makuzi kando ya chanjo na uzito. Uzito hupimwa kwa mizani isiyobadilika kwa lugha. Mstari unaohusu kusema haupaswi kutafsiriwa tu. Unahitaji kutungwa upya kutokana na Kiswahili chenyewe.

Mabadiliko yanayohitajika ni madogo kwa karatasi na makubwa kwa mafunzo. Swali la kuunganisha maneno mawili lingeweza kutanguliwa na jingine: je, mtoto husema tendo moja kwa sura zaidi ya moja, na katika hali gani? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii angeandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, "toto" ikabaki "toto", na kando yake aandike kilichokuwa kikitendeka. Lugha zote zinazosemwa nyumbani zingetajwa, pamoja na nani anasema ipi kwa mtoto. Na pale ambapo mama hushinda sokoni au shambani, aulizwe anayeshinda na mtoto. Mara nyingi huyo atakuwa bibi, yaya, au dada wa miaka tisa ambaye ndiye anayejua kwamba "aji" ya asubuhi ni maji ya kunywa na ya jioni ni ya kuoga.